Jua la Dzibilchaltún na Beseni la Mjomba

Mimi ni mzaliwa wa Kayabwe, wilaya ya Mpigi, nchini Uganda. Anayesafiri kwa barabara kutoka Kampala kwenda Masaka hupita kwetu baada ya kilomita 70 na kidogo. Hata asiyejua jina la mji wetu anakijua kituo chenyewe, kwa sababu kuna duara mbili kubwa nyeupe, moja kila upande wa lami, zinazoonyesha mahali mstari wa ikweta unapokata barabara. Watalii hushuka, huweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, hupigwa picha, hununua vikapu, kisha huoneshwa maji.

Maji hayo ndiyo yaliyonisomesha. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana mabeseni matatu yenye tundu chini. Moja liko hatua chache kaskazini mwa mstari, jingine kusini, na la tatu juu ya mstari wenyewe. Humimina maji, huweka ua dogo juu yake, kisha hufungua tundu. Upande mmoja ua huzunguka kufuata mshale wa saa, upande wa pili huzunguka kinyume, na katikati huzama bila kuzunguka. Wageni hupiga makofi na hutoa chochote. Baba alipofariki nikiwa darasa la saba, chochote hicho ndicho kilichokuwa ada yangu.

Nimetanguliza habari hizi kwa sababu bila hizo siwezi kueleza kilichonipata Mexico mwezi Machi, mbele ya hekalu la Wamaya, saa kumi na mbili asubuhi.

Nilikwenda Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, kwa muhula mmoja chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Ninasomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia, na wenzangu waliniuliza Mexico inahusiana nini na Kiswahili. Swali lao lilikuwa la haki. Nilijibu kwamba nakwenda kusoma namna lugha za wenyeji zinavyofundishwa shuleni, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa ukweli mwingine ni kwamba sikuwahi kupanda ndege na nafasi ilikuwa imetangazwa ubaoni.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ya mama mmoja mjane niliyemwita doña, kama kila mtu alivyomwita. Aliishi na mama yake mzazi, bibi wa zaidi ya miaka themanini, ambaye Kihispania chake kilikuwa kibovu karibu kama changu. Bibi alizungumza Kimaya. Watu zaidi ya laki saba nchini Mexico wanakizungumza, hivyo si lugha iliyokufa, lakini katika nyumba ile kilizungumzwa kwenda upande mmoja tu: bibi alisema Kimaya, watu wakamjibu Kihispania. Wajukuu walikielewa vizuri sana na hawakukijibu hata neno. Mimi natoka nchi ambayo Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na bado ukikitamka sokoni Kampala watu hukutazama kama umekuja na bunduki. Kwa hiyo sikushangaa sana.

Kwa kuwa sikuwa na lugha ya kutosha ya kuzungumza na wajukuu, nilikaa na bibi jikoni, naye akanifundisha. Salamu yao, «Bix a beel?», kwa neno kwa neno ni «Njia yako ikoje?» Neno «k'iin» ni jua, tena ni siku. Mashariki ni «lak'in» na magharibi ni «chik'in», na ukisikiliza utaona jua limo ndani ya yote mawili. Nilipomwambia kwamba kwetu pia saa huanza na jua, kwamba saa moja ni saa ya kwanza baada ya kukucha, wala si baada ya usiku wa manane, alitikisa kichwa na kusema jambo ambalo doña alinitafsiria: kwani watu wengine wanaanzia wapi?

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili lilinikosesha usingizi. Tunafundishwa kwamba saa za Kiswahili zinafuata jua: kunakucha saa kumi na mbili, kunakuchwa saa kumi na mbili. Lakini Kampala, mwezi Machi, saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Jua letu huchomoza zikibaki dakika chache kufika saa moja. Sababu ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari ambao hauigusi hata Kenya, sembuse sisi tulio mbali zaidi magharibi. Mérida kwa upande wake iko karibu kabisa na longitudo ya 90 magharibi, ambayo ndiyo saa yake inayoifuata. Matokeo yake ni kichekesho: siku ambayo mchana na usiku hulingana, yapata tarehe 20 Machi, jua la Mérida huchomoza saa kumi na mbili asubuhi, likizidi ni dakika chache. Ilibidi niende Mexico ili nione jua linalotii Kiswahili.

Siku hiyo huitwa ikwinoksi. Sisi wa ikweta hatuna habari nayo. Mchana na usiku wetu hulingana mwaka mzima, na tofauti pekee ni kwamba siku hiyo, jua likifika katikati, linakuwa wima juu ya kichwa, na duara zetu nyeupe hukosa kivuli cha kuegemea upande wowote. Kwa saa zetu jambo hilo hutokea karibu saa saba kamili mchana, wakati watu wako chini ya miti wakila. Sijawahi kumwona mtu akitoka nje kulitazama.

Yucatán ni tofauti. Huko watu husafiri kwa maelfu. Wengi huenda Chichén Itzá, kwenye piramidi ya Kukulkán yenye ngazi 91 kila upande, ambazo ukizijumlisha na kidaraja cha juu unapata 365. Alasiri kivuli cha kona za piramidi huchora umbo la nyoka kwenye ukingo wa ngazi. Mimi sikwenda huko. Nauli ilikuwa kubwa na wenzangu walisema utaona visogo vya watu kuliko nyoka. Darasa letu lilichagua Dzibilchaltún, kilomita kama 15 kaskazini mwa Mérida, mahali ambapo jina lake lina maana ya penye maandishi kwenye mawe bapa. Huko jambo hutokea asubuhi. Kuna hekalu dogo la mraba juu ya jukwaa la mawe, nalo lina mlango upande wa mashariki na mwingine upande wa magharibi, umetazamana nao. Ukisimama magharibi kwenye ile barabara ya kale ya mawe meupe, jua la ikwinoksi hukaa katikati ya mlango kama taa ndani ya nyumba.

Tuliondoka saa kumi alfajiri kwa gari dogo la abiria, la aina ile ile tunayoiita teksi kwetu, na ambalo, kama kwetu, halikuondoka mpaka lijae. Kulikuwa na ukungu. Yucatán ni ardhi ya chokaa isiyo na mto hata mmoja unaopita juu; maji yote yako chini, na pale Dzibilchaltún kuna shimo la maji liitwalo Xlacah, lenye kina cha mita 44 hivi. Unyevu ulikuwa mkubwa na nilitetemeka, jambo ambalo sikulitegemea katika nchi ya joto kama ile. Tulitembea gizani pamoja na mamia ya watu. Wengine walivaa nguo nyeupe tupu na utepe mwekundu, wameinua viganja kuelekea mashariki wakisubiri nguvu ya jua iwaingie. Siku iliyotangulia bibi alikuwa amecheka sana kuhusu watu hao. Alisema yeye alipokuwa msichana, asubuhi kama hiyo walikuwa wakienda shamba la mahindi.

Sasa niungame. Mimi sikwenda pale kushangaa. Nilikwenda nikiwa nimesoma. Nilijua kwamba hekalu hilo, lililojengwa karibu mwaka 700, lilikuja kufunikwa na Wamaya wenyewe chini ya jengo kubwa zaidi, likakaa kaburini karne nyingi. Nilijua kwamba vizazi vya baadaye vilichimba njia mpaka ndani yake na kuzika vinyago saba vya udongo, ndiyo maana linaitwa Hekalu la Vinyago Saba, na kwamba tunaliona leo kwa sababu wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tulane, wakiongozwa na E. Wyllys Andrews, walilifukua na kulikarabati kuanzia miaka ya 1950. Nilijua pia kwamba mtafiti Ivan Šprajc wa Slovenia, aliyepima majengo mengi ya Mexico na Amerika ya Kati, anadai kwamba ni machache sana yaliyoelekezwa kwenye ikwinoksi yenyewe, kwa kuwa siku hiyo haina alama ya kuonekana kwa macho kama zilivyo siku ambazo jua hufika mwisho wa safari yake kaskazini au kusini na kugeuka. Nilikuwa nimejiandaa. Moyoni nilikuwa na furaha ya mtu anayejua mwisho wa hadithi kabla ya msimulizi.

Furaha hiyo ninaifahamu vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa nayo mara moja kabla.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Shule yetu ilifanya ziara ya somo la jiografia, na kati ya mahali pote pa Uganda, basi likasimama Kayabwe, mbele ya mabeseni ya mjomba. Kulikuwa na Wazungu wanne pale, na mjomba aliwaunganisha na darasa letu akaanza kazi yake. Wiki moja kabla, mwalimu wa fizikia alikuwa ametueleza kwamba nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuyaamuru maji ya beseni, na kwamba hapo kwenye ikweta ndipo inapokuwa sifuri. Alitusimulia habari za Ascher Shapiro wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alitaka kuiona nguvu hiyo katika tangi la maji, na ilimbidi ayaache maji yatulie saa 24 ndipo aione. Nilimtazama mjomba. Niliuona mkono wake wa kushoto ukilisukuma beseni kidogo, kidogo sana, wakati akiliweka juu ya kigoda. Nikanyosha kidole kama niko darasani, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti: «Anazungusha kwa mkono.»

Darasa lilicheka. Mwalimu alicheka. Mzungu mmoja alikuwa ameshatoa noti, akairudisha mfukoni. Mjomba hakunikemea. Aliokota ua lake ndani ya beseni, akalikung'uta maji, akaniambia kwa Luganda, kwa upole kabisa, «Umesoma, mwanangu.»

Tangu siku hiyo hakuja kwetu tena. Ada alilipa, kila muhula, bila kukosa hata shilingi, ila aliipitisha kwa mama. Nilipofaulu kidato cha sita alituma kuku. Nilipoondoka kwenda Mexico hakuja kuniaga. Alimpa mama shilingi elfu hamsini zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari, na kwenye karatasi hakukuwa na neno. Miaka sita imepita hivyo. Kwetu msichana humsalimu mjomba akiwa amepiga magoti, nami kwa miaka sita sikuwa na mtu wa kumpigia magoti.

Basi kukaanza kupambazuka. Ukungu ulikuwa mzito na watu wengi walikuwa wanaguna kwamba mwaka huu hakutaonekana kitu. Kisha ukungu ukapata rangi, kwanza kama chai ya maziwa, halafu kama embe. Hekalu likatokea jeusi. Ndipo mlango wake ukawaka.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Nimejaribu mara tatu na kila mara nimeandika kitu kinachofanana na kalenda ya benki. Mwenzangu wa darasa, mvulana wa Mérida aliyezaliwa kilomita 15 kutoka pale na aliyekuwa akipiga miayo njia nzima, alikuwa analia waziwazi.

Nilichofanya mimi ni kupiga hatua mbili kushoto. Jua likatoka mlangoni, likajificha nyuma ya ukuta. Nikarudi hatua mbili, likarudi. Ilikuwa kama nilivyofikiri: jua lilikuwa mbali na mlango ulikuwa karibu, na anayechagua pa kusimama ndiye anayelipachika jua mlangoni. Siku kadhaa kabla au baada ya hapo, ukisogea kidogo tu kwenye barabara ile, utaliona vilevile. Tayari nilikuwa nimemgeukia yule mvulana, na mdomo wangu ulikuwa umefunguka.

Wakati huohuo mtu alinishika kiwiko. Alikuwa mlinzi wa eneo, mzee mfupi mwenye kofia ya kazi. Alidhani nimepotea. Alinirudisha kwenye mstari, «hapa, hapa», akaniweka sawasawa kwa mabega kama mtu anavyonyoosha picha ukutani. Kisha akaenda kwa mama mmoja aliyebeba mtoto, naye akamsogeza nusu hatua. Halafu kwa kijana mwenye magongo. Niligundua kwamba tangu alfajiri mzee huyu alikuwa na kazi hiyo. Jua la kule halipandi wima kama letu. Hupanda likielekea kulia, kwa hiyo kila baada ya dakika chache mahali pa kusimama huhama, kushoto kidogo na mbele kidogo, na mzee alikuwa akiuhamisha umati mzima mtu mmoja mmoja, bila kuhubiri lolote kuhusu Wamaya wala nguvu za jua. Alikuwa na mkono wa kushoto unaosukuma kidogo, kidogo sana.

Nilifunga mdomo.

Sitaki nieleweke vibaya na wahadhiri wangu wa jiografia. Maji ya Kayabwe hayazungushwi na dunia. Yanazungushwa na mjomba, na mtoto akiniuliza darasani nitamwambia hivyo. Mlinzi yule hakudanganya, mjomba alidanganya. Mambo haya mawili si sawa na sijaribu kuyasawazisha. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na sita ningeweza kusubiri wageni waondoke. Ningeweza kumuuliza jioni nyumbani, nikiwa nimepiga magoti, kama mwenyewe anajua. Labda angenijibu jambo ambalo hadi leo silijui. Nilichagua pa kusimama, na nilichagua mbele ya watu, kwa kuwa palikuwa na watu.

Jua lilipopanda juu ya paa watu walianza kutawanyika kwenda kutafuta kahawa. Kwetu ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, wakati ambao magari ya watalii yanayorudi kutoka magharibi hupita Kayabwe. Nilijua atakuwa kazini. Nilipiga kwa WhatsApp, namba ambayo nilikuwa nayo siku zote. Ililia mpaka nikadhani itakata.

«Nani?»

Nikasema jina langu. Nikasema, «Musiibye mutya, kojja.» Nilijikuta nimeshapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, na mwanamke mmoja wa nguo nyeupe, akidhani nasali, akapiga magoti pembeni yangu.

Alinyamaza. Nilisikia lori likipita kwake, kisha pikipiki. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na maneno yote yalikuwa ya Kiswahili sanifu, sijui kwa nini, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa mdomo. Nilichosema ni, «Kojja, nilikuaibisha mbele ya watu. Nimekosa.»

Akasema, «Uko Mexico?»

«Ndiyo, kojja.»

«Iko kaskazini au kusini?»

«Kaskazini. Nyuzi 21.»

Akanyamaza tena, na safari hii nilisikia maji yakimiminwa.

«Na huko,» akasema, «maji yanazungukia upande gani?»

Sikuwa na jibu. Katika miezi miwili na nusu sikuwahi kutazama. Nikamwambia asubiri, nikainuka nikakimbia mpaka kwenye vyoo vya langoni, simu mkononi, nikajaza sinki, nikachomoa kizibo. Maji yalikaa palepale.

«Kojja,» nikasema, «limeziba.»

Alicheka. Nilisikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, kwa Luganda, kwamba huyu ni mpwa wake, yuko ng'ambo, anasoma. Kisha akaniambia nitafute sinki jingine, maana kuna basi linaegesha na yeye ana kazi.